Maneno Yetu Yaliyohamia Uzunguni

Maneno ni kama wasafiri: hutoka kwao wakijulikana, na huko waendako pengine huvishwa nguo nyingine. Msafiri hana kosa. Lakini yawapasa jamaa zake wamtambue arudipo.

Tazameni neno "safari". Sisi twalitumia kwa kila mwendo: wa biashara, wa Hija, hata wa maziko. Waingereza walilitwaa kwetu katika karne ya 19, na Mwingereza alisikiapo hufikiri simba na tembo. Neno "alkoholi" nalo latoka katika Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja upakwao machoni. Huko Ulaya lilitumika kwa unga laini wowote, kisha kwa kiini cha kitu kilichochemshwa na kukusanywa mvuke wake, hata likawa jina la kiini cha mvinyo. Hayo ni ya kustaajabisha tu, hayana madhara.

Lakini yako maneno ambayo kugeuzwa kwake kwatudhuru. La kwanza ni fatwa. Tarehe 14 Februari 1989, Ayatullah Khomeini wa Iran alitoa fatwa ya kuuawa mwandishi Salman Rushdie. Tangu hapo wasomaji wengi wa magazeti ya Kiingereza wakadhani kwamba fatwa maana yake ni amri ya kuua. Asili yake ni jawabu la mwanachuoni aliyeulizwa jambo la dini. Mjane aulizapo habari ya eda yake, au mfanyaji biashara aulizapo zaka ya mali yake, jawabu apewalo ni fatwa. Tena mufti si kadhi: kadhi hukata hukumu baina ya wagomvi, mufti hueleza sharia.

La pili ni jihadi, ambalo Waingereza hulifasiri kuwa ni vita vitakatifu. Asili yake ni moja na neno letu "juhudi". Vita vimo ndani yake, wala tusifiche, na wanazuoni wameviwekea masharti. Lakini sivyo maana yake yote. Katika Sura Luqman, aya ya 15, kitendo cha asili hiyo hiyo kimetumiwa kwa wazazi wanaomshurutisha mtoto wao afanye shirki. Naye ameamrishwa asiwatii katika hilo, bali akae nao kwa wema. Upanga u wapi hapo?

Kijana wetu asomaye Kiingereza huenda akayakuta maneno haya gazetini kabla ya kufundishwa chuoni. Mmoja ataionea haya dini yake. Mwingine ataghurika, adhani ukali ndio dini. Wote wawili wamepotezwa na fasiri moja.

Basi, enyi wazazi, mtoto ajapo na neno la namna hii, msimkemee. Muulizeni amelifahamu vipi, kisha mpelekeni kwa mwalimu ajuaye asili yake. Mwenyezi Mungu atujaalie fahamu njema. Amin.