Nani Anayewaita Wachimbaji wa Mfupa?

Ndugu msomaji, wewe wa Kolwezi unajua kazi ya kuchimba. Je, umejua kwamba wachimbaji wamo hata ndani ya mifupa yako?

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai. Kila mwaka karibu sehemu moja katika kumi ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Wabomoaji ni chembe ziitwazo osteoklasti. Asili yao ni ubohoni, pamoja na chembe za damu. Chembe kadhaa huungana kuwa moja kubwa, nayo humwaga tindikali juu ya mfupa, kama viwanda vyetu vinavyoyeyusha shaba kutoka katika mawe.

Lakini wachimbaji hawa hawajiiti wenyewe. Chembe za mfupa, wakiwamo wajenzi wake, hutoa alama iitwayo RANKL. Pasipo alama hiyo osteoklasti hazifanyiki. Tena wajenzi hutoa kizuizi, osteoprotegerini, kinachoikamata alama njiani. Wataalamu waliyatambua hayo mnamo 1997 na 1998. Kizuizi kikishinda, mfupa hudumu. Alama ikishinda, mfupa huliwa.

Basi nini huzidisha alama? Kalisiamu ikipungua katika damu, tezi ndogo nne za shingoni huamuru ikachukuliwe mifupani. Mguu uliokaa siku nyingi bila kazi huliwa vilevile. Na wewe mama, damu ya mwezi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua, na wachimbaji huongezeka. Huoni maumivu yoyote. Halafu siku moja unateleza uani tu, na nyonga inavunjika. Hapo jamaa huanza kumtafuta mchawi! Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mgodi husimama kwa nguzo zake, na mfupa vivyo hivyo.

Kula ndakala pamoja na mifupa yao. Ota jua. Tembea kila siku. Tangu 2010 iko dawa ya sindano, denosumabu, inayofanya kazi ya kile kizuizi. Anayeichoma asiiache bila neno la daktari, kwa maana wachimbaji hurudi kwa wingi.

Na bibi akianguka, asiweze kusimama, mguu ukawa mfupi na kugeukia nje, msimkande wala msimvute. Mlazeni juu ya ubao, mmlete hospitali siku ileile.