Kwenda Matema: Panga Safari kwa Maji, Si kwa Kilomita

Anayetoka Tukuyu kwenda Matema, kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ana njia mbili. Ya kwanza ni ya lami: unashuka barabara kuu ya Kasumulu, unachepuka Kikusya, unapita Ipinda, umefika. Ya pili ni nyembamba, gari moja kwa upana. Inateremka kupitia Masoko, penye ziwa dogo lililotuama kwenye shimo la volkano, halafu inajipenyeza katikati ya migomba, mianzi na mikakao hadi Ipinda. Hii ya pili ndiyo inayoburudisha macho, na ndiyo inayotaka mipango. Wengi hutazama kilomita kwenye simu, wakazigawa kwa mwendo, wakaona wamemaliza. Huku safari hupangwa kwa maji.

Sababu ni umbo la nchi. Tukuyu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko karibu mita 475. Juu ya Tukuyu umesimama Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, na mashariki kuna Milima ya Livingstone. Mvua inayopiga miteremko hiyo hukusanywa na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ikamwagwa kwenye tambarare ya Kyela. Ndiyo maana mto hujaa Ipinda jua likiwaka: mvua ya usiku kule mlimani ndiyo maji ya asubuhi huku chini.

Kwa hiyo anza na mwezi. Mvua za Kyela huanza Novemba na kufika hadi Mei, kilele chake kikiwa Aprili. Juni hadi Oktoba udongo hukauka, na njia hupitika. Lakini kama unataka pia kupanda mtumbwi, zingatia jambo moja. Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma Mwera, upepo wa kusini-mashariki. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na wimbi lililosukumwa kutoka kusini huja kuvunjika Matema likiwa limekua. Msimu mzuri wa barabara huanza ndani ya msimu mbaya wa ziwa. Miezi inayofaa vyote viwili ni Septemba na Oktoba.

Siku ya safari, ondoka asubuhi, tairi la akiba likiwa na upepo na jeki ikiwa nzima. Uliza hali ya njia kwa madereva waliotoka huko siku hiyohiyo. Ukitaka taarifa za ofisini, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017.

Kwenye mteremko, ingiza gia nzito kabla hujaanza kushuka, gari lizuiwe na injini. Anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha, na breki zilizochemka hazishiki. Karibu na kona piga honi. Nyuma yake anaweza kuwapo kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi, naye hana pa kukimbilia.

Mkikutana magari mawili, anayeshuka ndiye anayempisha anayepanda. Anayepanda akisimama kwenye udongo telezi, kuondoka tena ni kazi, na akirudi nyuma gari linaweza kumponyoka. Huko Uskoti barabara za namna hii zina sehemu za kupishana zenye vibao. Huku sehemu hizo ni mlango wa shamba au uwanja wa nyumba ya mtu, basi zikariri unapozipita. Angalia usikanyage kakao iliyoanikwa kwenye mikeka kando ya njia: ni mavuno ya familia. Ukipishwa, inua mkono useme "ndaga", asante ya Kinyakyusa.

Ukikuta maji yamepita juu ya njia, simama. Zima injini, shuka, tafuta fimbo ya mwanzi, upime kina na ugumu wa chini. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulielesha gari dogo. Yakifika 60 huchukua hata gari kubwa. Pasipopitika kwa mguu, pasipitwe kwa gari. Subiri, mvua ikikatika mlimani maji hupungua.

Jitahidi ufike Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, karibu na Matema. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa pwani hii, huletwa hapo kwa mitumbwi kutoka kijiji cha Ikombe, vikiwa vimepangwa kimoja kikiegemea kingine. Chungu hakivumilii wimbi. Kila kimoja utakachokiona kizima pale mchangani kimefika kwa sababu kuna mtu aliyeyatazama maji kwanza, ndipo akaondoka.