Je, Wajua? Mionzi na Uvimbe wa Shina la Ubongo

Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi mwaka 1969, alimpoteza binti yake Karen mwaka 1962 kwa uvimbe wa shina la ubongo, kabla mtoto hajatimiza miaka 3. Mionzi ilimpa nafuu kwa muda, kisha dalili zikarudi.

Uvimbe mkali wa aina hiyo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 10. Haukatwi kwa upasuaji, maana seli zake hujipenyeza katikati ya neva zinazoongoza kupumua, kumeza na mapigo ya moyo. Ndiyo maana mionzi imebaki kuwa tiba kuu: Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 6 hivi, jumla ya grei 54 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Mtoto hulala peke yake chini ya mashine, kichwa kimeshikwa na barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la uso wake. Wadogo sana hupewa dawa ya usingizi.

Wengi hupata nafuu ya kweli. Jicho lililopinda hunyooka, miguu iliyoyumba hupata nguvu. Inauma kusema kwamba nafuu hiyo hudumu miezi tu. Wanaoishi miaka 2 baada ya kugunduliwa na uvimbe huu ni takriban 1 kati ya 10. Kuongeza dozi kulijaribiwa Marekani, hakukurefusha maisha. Uvimbe unaokua polepole huwa na matokeo bora zaidi.

Mzazi, ukiona macho ya mwanao yamepishana ghafla, uso umepooza upande mmoja au anayumba akitembea, mpeleke hospitali mara moja.