Meya Alikuwa na Sura, Hakuwa na Hundi

Kericho hunyesha alasiri karibu kila siku, na mvua hiyo ndiyo mkaguzi wa miradi asiyehongeka. Mtaro ukiziba karibu na soko, maji hupanda hadi kwenye meza za nyanya, mama mboga huinua magunia yake ya kabichi na kuilaani kanjo. Kanjo aisemayo, yaani baraza la manispaa, ilivunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Zamani lawama zile zilikuwa na anwani: meya, mtu aliyejulikana kwa jina na kwa nyumba.

Meya huyo hakupigiwa kura na wananchi. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, walichagua madiwani, kisha madiwani wakajifungia ukumbini na kumpa mmoja wao mkufu. Akishauvaa aligundua kwamba hesabu za baraza zilikuwa mikononi mwa karani wa mji, na juu ya karani kulikuwa na waziri Nairobi, aliyeweza kulivunja baraza lolote kama baraza la Nairobi lilivyovunjwa mwaka 1983. Mwaka 1999 ulipoanza mfuko wa LATF, uliogawia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, kidogo kukawa na cha kupangia. Wakaazi waliitwa mikutanoni wachague miradi yao wenyewe. Kuchagua hakukuwa kazi.

Kazi ilikuwa ardhi. Mji wa Kericho umezungukwa na chai. Ukitoka steji kuelekea Brooke, maduka yanakwisha ghafla na majani yaliyokatwa sawasawa yanaanza, ekari kwa ekari, yaliyokuwa ya Brooke Bond, baadaye Unilever. Kwingine yalikuwa mashamba ya James Finlay. Huko kampuni ndizo zilizojenga nyumba za wafanyakazi, zahanati, shule, mabomba ya maji, hata mitambo midogo ya umeme wa mito. Mchuma chai angeweza kuzaa, kusomesha na kuugua bila kuhitaji lolote kutoka ofisi ya meya. Meya alibakiwa na soko, steji, vyoo na taka, na alipotaka pa kupanua hata hivyo vichache alikutana na hati za miaka 999. Katiba ya 2010 ilizipunguza hati za wageni kuwa za miaka 99. Chai haikusogea hata mstari mmoja.

Wakulima wadogo wengi hawakuwa hata na meya wa kumlaumu. Walikuwa chini ya baraza la kaunti na mwenyekiti wake, nao kilio chao kilikuwa barabara ya kituo cha kuuzia majani. Lori likikwama matopeni usiku, majani huungua ndani ya magunia, na hasara ni ya aliyechuma.

Kisha ukaja ugatuzi. Sheria ya miji ya mwaka 2011 ilidai wakaazi 250,000 ili mji uwe manispaa, idadi ambayo Kericho haikuikaribia. Kipimo kilishushwa hadi 50,000 mwaka 2019. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, ulioidhinishwa 2017 kwa miji ya kaunti 45, ndio ulioharakisha mambo: bila bodi na hati ya manispaa hakuna fedha. Bodi zikaundwa. Mimi siamini kwamba zingeundwa upesi hivyo kwa mapenzi ya sheria tu, maana kwetu mradi hukimbia unaposubiriwa. Uwanja wa Kericho Green nao ulikarabatiwa mbio mbio sherehe za Mashujaa za Oktoba 2023 zilipokaribia.

Leo manispaa ina meneja, na fedha za mitaro na taa zimewahi kupita mlangoni pake. Muulize mwenye duka jina la meneja huyo. Jina ambalo kila mtu analo ni la gavana, na vita vyote ni vyake: Oktoba 2024 wawakilishi wa wadi 31 kati ya 47 walipiga kura kumwondoa Erick Mutai, Seneti ikaitupa hoja kwa kuwa theluthi mbili hazikutimia, Agosti 2025 wakajaribu tena, Seneti ikamwokoa. Katika mabishano yale yote sikusikia mtaro wa soko ukitajwa.

Sheria ile ile ya miji inataka wakaazi wawe na mabaraza ya kuhoji bodi. Vikao hivyo vifanyike sokoni, siku ya soko, saa tisa alasiri, na meneja asije na mwavuli.