Eneo Maalumu la Kodi na Ankara Yako

Mwenye nyumba jijini Chicago, Marekani, aonapo katika ankara yake ya kodi ya majengo kwamba sehemu ya fedha inakwenda kwenye mfuko wa eneo maalumu, hudhani ametozwa kodi mpya. Sivyo.

Sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1977 huruhusu baraza la jiji kutangaza mtaa uliochakaa kuwa eneo maalumu, kwa kawaida kwa miaka 23. Thamani ya majengo ya wakati huo ndiyo huwa kipimo. Tuseme thamani ya jengo kwa ajili ya kodi ilikuwa dola 100,000, kisha ikapanda hadi 150,000. Kodi ya zile 100,000 huendelea kwenda kwa shule, bustani na huduma nyingine. Kodi ya 50,000 zilizoongezeka huingia katika mfuko wa kutengeneza barabara, kukarabati majengo, au kumsaidia mwekezaji.

Hata hivyo, mzigo haupotei. Shule zinahitaji fedha zao, na kwa kuwa ongezeko hilo halihesabiwi kwao, viwango vya kodi huweza kupanda hata kwa wakazi walio nje ya eneo. Mpangaji naye, ambaye haletewi ankara, huenda akayaona mabadiliko katika pango.

Kabla baraza halijapiga kura, lazima ufanyike mkutano wa hadhara. Hudhuria, uulize ni miradi gani itakayolipiwa na kama kuna nyumba zitakazobomolewa. Ilani hutangazwa gazetini na kutumwa kwa posta kwa mlipa kodi aliyeandikishwa. Hakikisha anwani yako ni sahihi.