Rouse Simmons: Kilichoizamisha Si Tufani Pekee

Alasiri ya tarehe 23 Novemba 1912, walinzi wa kituo cha uokoaji cha Kewaunee, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Michigan nchini Marekani, waliona skuna ya milingoti mitatu ikielekea kusini, imedidimia sana majini, bendera yake nusu mlingoti kuomba msaada. Mashua yao ya injini haikuwapo, wakapiga simu kituo cha Two Rivers. Mashua iliyotoka huko haikukuta kitu. Rouse Simmons ilikuwa imezama na wote waliokuwamo, nahodha Herman Schuenemann pamoja nao, na maelfu ya miti ya Krismasi iliyokuwa ikipelekwa Chicago. Tangu hapo lawama imebebeshwa tufani, na wapo wanaotaja hata panya waliokimbia chombo bandarini. Tufani ilikuwa kali kweli, lakini ilikuta kazi imekwisha kufanywa nusu na biashara yenyewe.

Chombo hiki kiliundwa Milwaukee mwaka 1868 kubeba mbao, enzi misonobari ya Michigan na Wisconsin ilipokuwa ikiijenga Chicago. Kazi ya mbao huchosha jahazi: ngama hujazwa, sitaha hurundikwa, maungio hulegea, maji huanza kupenya, na kukalafati hakuishi. Kufikia 1912 skuna ilikuwa na umri wa miaka 44. Misitu mikubwa ilishafyekwa, na meli za mvuke na reli zilikuwa zimechukua shehena nono. Majahazi makuukuu yakabakiwa na makombo, na miti ya Krismasi ilikuwa mojawapo. Shehena hiyo haingoji: ikichelewa sikukuu, ni kuni. Ndiyo maana ilisafirishwa Novemba, mwezi ambao mabaharia wa maziwa hayo wanauogopa kuliko yote. Maji yanayorushwa na mawimbi huganda juu ya kamba, matanga na kila tawi lililopangwa sitahani, na mzigo uliopakiwa mwepesi huwa mzito saa hadi saa, tena juu, mahali pabaya kabisa.

Wapo watakaosema nahodha alijiponza kwa tamaa. Siafiki. Schuenemann aliuza miti moja kwa moja kutoka chomboni, karibu na daraja la Clark Street, ili kukwepa madalali, na alijulikana kwa kuwagawia maskini bure. Wala hakuwa mgeni wa hatari: kaka yake August alizama mwaka 1898 katika safari kama hiyo hiyo. Alitumia chombo kizee kwa sababu faida ya miti isingelipia kipya. Wengine watasema mabaki, yaliyogunduliwa mwaka 1971 katika kina cha mita 50 hivi, miti ingali ngamani, yanaonyesha ajali ya ghafla, maana wanaakiolojia walikuta milingoti na mnyororo wa nanga vimelala kuelekea omo, kana kwamba ilizama kichwa mbele. Huenda mwisho ulikuwa wa ghafla. Lakini walinzi wa Kewaunee waliiona imelemewa kabla ya hapo, na chombo kilicholemewa hakiinuki tena wimbi kubwa linapokipiga.

Mjane wa Schuenemann, Barbara, na binti zao waliendelea kuuza miti Chicago kwa miaka mingi. Hatimaye miti hiyo ililetwa kwa treni.