Je, Wajua? Java Mbili, Kompyuta Moja

Je, wajua kwamba takwimu za kila mwezi za zoni ya afya ya Moba, kama za zoni zote 519 za Kongo, huingizwa katika DHIS2, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo? Nayo DHIS2 huendeshwa na Java. Matoleo yake ya zamani yaliridhika na Java 8 ya mwaka 2014, lakini toleo 2.41 haliwaki bila Java 17, iliyotoka 2021. Fundi anayetaka kulijaribu jipya bila kulizima la zamani hana budi kuweka Java zote mbili kwenye mashine moja.

Je, wajua kwamba hazigombani? Kila moja ina folda yake. Ukiandika "java", kompyuta hupekua folda kwa mpangilio wa orodha iitwayo PATH, na ya kwanza kukutwa ndiyo inayofanya kazi. Zana za kubadilisha matoleo ni SDKMAN! kwa Java, nvm kwa Node, pyenv kwa Python: kazi yao kubwa ni kuchezea orodha hiyo. Uchawi mwingine hamna.

Je, wajua kwamba "nvm use" hubadili dirisha moja tu la terminali? Fungua jingine, utakuta toleo la kawaida limerudi. Wengi hudhani kompyuta imeharibika.

Je, wajua kwamba nvm ya Windows ni mradi mwingine kabisa, ulioandikwa na watu wengine?

Je, wajua kwamba Python 3.10 ni mpya kuliko 3.9? Lakini ukiiandika kwenye faili la YAML bila alama za kunukuu, husomeka kama namba ya desimali, sifuri inadondoka, nawe unajikuta umeomba 3.1 ya mwaka 2009.

Na hili ni la wanaoishi mbali na nyaya za umeme. Je, wajua kwamba kwa kawaida pyenv haileti Python iliyo tayari? Hupakua msimbo wake na kuujenga palepale kwenye mashine yako, kazi inayokula muda na betri. Anayetegemea paneli ya sola aianze asubuhi jua likiwaka. Kabla ya hapo atengeneze folda ~/.pyenv/cache: faili lililopakuliwa litabaki humo, na siku ya kujenga upya hatanunua mega tena. Hata faili lililoletwa kwa flashi na boti kutoka Kalemie hukubaliwa humo, mradi jina lake halikubadilishwa. Ambaye hana subira atumie zana ya uv, iliyotoka 2024. Yenyewe huleta Python iliyokwisha kujengwa.

Je, wajua kwamba kufuta Python iliyokuja na Ubuntu ni hatari? Vyombo kadhaa vya mfumo vinaitegemea. Weka nyingine pembeni, ile iache.

Je, wajua kwamba Node hutoa majina ya elementi za kemia kwa matoleo yanayotunzwa muda mrefu? La 4 ni Argon, la 18 Hydrogen, la 20 Iron. Andika "nvm install lts/iron", utaletewa la 20.